Msubiri Shorobo Kwenye Mkuyu

Watu wengi wanaokwenda msituni kumtafuta shorobo hurudi wamemsikia tu. Mlio wameupata, jani limetikisika juu, na pengine kivuli kimepita, lakini ndege mwenyewe hawakumwona. Macho yao hayana kasoro; tatizo ni kumkimbilia. Shorobo anaishi vileleni, rangi yake ni ya majani, na akihisi kuna mtu anamfuata huko chini, huganda kimya au hupita upande wa pili wa tawi. Anayeufuata mlio hufika mahali alipokuwa, si alipo.

Mwongozo huu unakupa njia nyingine. Tafuta kwanza mti wenye matunda yaliyoiva, ufike kabla yake, kisha ukae. Hayo mengine yote yanayofuata hapa, kuanzia darubini hadi kutofautisha shorobo wa pwani na wa milimani, yanafaa tu ukishakubali kukaa.

Mjue kwanza

Shorobo ni wa familia ya Musophagidae, yenye spishi takriban 23, na zote zinaishi Afrika kusini mwa Sahara. Hakuna bara jingine lenye ndege hawa porini. Baadhi yao ni wa kijivu na hukaa nyika kavu. Tunaowazungumzia hapa ni wale wa msituni: wengi wao wana mwili wa kijani, mkia mrefu wa buluu iliyokolea au zambarau, kishungi kichwani, na mabawa yenye manyoya mekundu ya damu ya mzee. Urefu wao, toka mdomo hadi ncha ya mkia, ni kama sentimita 40, na karibu nusu ya urefu huo ni mkia.

Jambo la kushika ni hili: wekundu huo huuoni ndege anapotulia. Manyoya ya kurukia ndiyo mekundu, na akikunja mabawa yanafunikwa na yale ya kijani. Kwa hiyo usitafute ndege mwekundu. Tafuta mkia mrefu unaoning'inia, kichwa chenye kishungi, na doa jeupe karibu na jicho. Wekundu utakuja wenyewe atakapovuka kutoka mti mmoja kwenda mwingine, kwa sekunde mbili tatu, na ndipo utakapoelewa kwa nini watu huamka usiku kumfuata.

Yupi yuko karibu nawe

Huna haja ya kusafiri mbali kama unaishi karibu na msitu wa asili. Jua tu ni shorobo gani wa upande wako, maana mara nyingi eneo peke yake linatosha kumtambua.

Pwani ya Kenya, kaskazini mashariki mwa Tanzania na Unguja ni kwao shorobo wa Fischer. Kishungi na kisogo chake ni vyekundu, na ncha za kishungi zina weusi na weupe. Mdomo wake ni mwekundu pia. Mtafute Arabuko-Sokoke karibu na Watamu, Shimba Hills upande wa Kwale, Amani katika Usambara Mashariki, na Jozani, Unguja. Jina hilo alipewa mwaka 1878 na Anton Reichenow wa Berlin, kwa heshima ya Gustav Fischer, daktari wa Kijerumani aliyekusanya ndege Afrika Mashariki.

Nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania zina shorobo wa Hartlaub. Kishungi chake ni cha buluu iliyokaribia weusi, ana kipande cheupe cha mviringo mbele ya jicho na mstari mweupe chini yake. Huyu ndiye rahisi kuliko wote kwa mkazi wa mjini: yupo Karura na katika bustani za Nairobi zenye miti mikubwa, na vilevile Aberdare, Mlima Kenya, Meru na Kilimanjaro. Kule Lushoto, katika msitu wa Magamba, utamkuta yeye. Ukishuka ukavuka bonde kwenda Amani, utamkuta Fischer. Usambara mbili zimegawana shorobo wawili.

Uluguru na Udzungwa kuna shorobo wa Livingstone, mwenye kishungi kirefu cha kijani chenye ncha nyeupe. Shorobo wa Schalow, mwenye kishungi kirefu zaidi, anaonekana ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro na katika misitu ya kando ya Mto Mara. Wasomaji wa Rwanda, Burundi na mashariki mwa Congo wana shorobo wa Rwenzori, ambaye hana kishungi kirefu. Nyungwe, Kibira na Kahuzi-Biega ni mahali pake.

Magharibi zaidi, Kakamega, misitu ya Uganda, Minziro na Congo, kuna yule mkubwa wa buluu, anayefikia sentimita 75. Yeye hana wekundu mabawani, lakini ukubwa wake unatosha kumsimamisha mtu. Pande hizohizo yupo pia shorobo wa Ross, mwenye mwili wa zambarau iliyokolea, uso wa manjano na kishungi chekundu, naye akifungua mabawa, wekundu umo.

Uchague mti kabla ya kumchagua ndege

Shorobo ni mla matunda. Hula pia machipukizi, maua na majani machanga, na mara chache mdudu au konokono, ila siku yake inaongozwa na matunda. Kati ya miti yote, anza na mikuyu na jamaa zake, yaani miti yote ya jenasi ya Ficus. Sababu ni ya kibiolojia. Maua ya mkuyu yamo ndani ya kuyu lenyewe, na huchavushwa na nyigu wadogo sana wanaoishi siku chache tu. Ili nyigu hao wasiishe, lazima wakati wowote pawe na mti fulani wenye makuyu machanga. Ndiyo maana mikuyu ya msitu mmoja haizai kwa pamoja: huu unazaa leo, ule mwezi ujao. Kwa ndege, hiyo ina maana kwamba hata miti mingine ikikauka matunda, mahali fulani pana mkuyu umeiva. Kwako ina maana kwamba hakuna mwezi usiofaa, mradi tu uupate mti wa zamu.

Mingine ya kuitazama ni mizambarau na, milimani, miti ya podo na ile ambayo Wakikuyu huiita muiri.

Utajuaje kwamba mti umeiva? Angalia chini kwanza. Makuyu yaliyodondoka, mengine yameng'atwa nusu, yakiwa bado laini na nzi wanayazunguka, ni dalili ya leo. Yakiwa makavu na meusi, umechelewa wiki. Kisha sikiliza juu: ninga, hondohondo na kima hawaendi kwenye mti mtupu. Njia fupi kuliko zote ni kumwuliza askari wa msitu, muongoza wageni, au mama anayeokota kuni kwa kibali: “Mkuyu gani una matunda siku hizi?” Swali hilo litakupa zaidi ya kuuliza, “Ndege wako wapi?”

Mahali pa kukaa

Ukishaupata mti, usikae chini yake. Ukitazama juu moja kwa moja, kila ndege ataonekana mweusi dhidi ya anga, na shingo itakuuma kabla ya robo saa. Rudi nyuma hatua 30 hadi 40, jua likiwa mgongoni kwako. Ukipata mteremko, panda mpaka macho yako yawe usawa wa kilele au karibu yake. Kingo za barabara ya msituni zinafaa sana kwa hili, kwa sababu upande wa bondeni vilele vinakuwa mbele ya uso wako. Amani ina sehemu nyingi za namna hiyo.

Kabla ya kuketi, kagua ardhi kama kuna siafu. Vaa nguo za rangi ya udongo au majani, na uache nyumbani shati jeupe. Zima mlio wa simu. Kama mko wawili, zungumzeni kwa ishara.

Arabuko-Sokoke ina tembo, kwa hiyo usiingie bila mwongozaji. Jozani nako wageni hutembezwa na waongozaji. Usilichukulie hilo kama gharama tu: mwongozaji anayeingia msituni kila siku ndiye anayejua mti wa zamu.

Saa zake

Saa nzuri ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu, kisha tena kuanzia saa kumi jioni. Mchana wa jua kali hupumzika kwenye kivuli kizito. Mvua ikinyesha usiku na asubuhi pakakucha na jua, usikose kwenda. Baada ya mvua ndege hutoka kula na kuanika manyoya kwenye matawi ya wazi, na hapo ndipo utampata ametulia, mabawa yamelegea kidogo na wekundu unachungulia ubavuni.

Usikie kabla ya kuona

Mlio wa shorobo haulingani na urembo wake. Ni mkoromo mzito, wa kukwaruza, unaorudiwa mara nyingi: kwao, kwao, kwao, kwao, na mara nyingi unapanda kadiri unavyoendelea. Mmoja akianza, jozi ya jirani inajibu, kisha ya tatu, mpaka bonde zima linaitikia. Wanatangaza mipaka yao.

Kabla ya safari, sikiliza rekodi nyumbani. Tovuti ya xeno-canto ina milio ya ndege iliyorekodiwa na watu wa sehemu mbalimbali, na kusikiliza ni bure. Sikiliza pia mbega na hondohondo, maana hao ndio watakaokuchanganya. Mngurumo wa mbega ni wa chini zaidi na mrefu, unabingirika bila kukatika vipande. Hondohondo hulia kwa sauti kubwa ya kubweka, na akiruka utasikia mabawa yake yakivuma hewani. Shorobo huruka bila kelele hiyo.

Rekodi hizo zibaki nyumbani. Kumpigia ndege mlio wake msituni kunamfanya adhani mgeni ameingia himayani, aache kula au aache kiota aje kupigana na simu yako. Ni tabia mbaya, na sehemu nyingi za hifadhi imekatazwa.

Anavyotembea

Hapa ndipo penye siri ya kumpata machoni. Shorobo si mrukaji hodari. Bawa lake ni fupi na la mviringo, na safari zake za angani ni za mti hadi mti. Kwenye tawi, hata hivyo, ni bingwa: hukimbia juu yake kama kuchakuro, hurukaruka kwenda juu, hupenya majani, bila kufungua bawa. Kidole chake cha nje huweza kugeuka mbele au nyuma, na hicho ndicho kinachompa mshiko wakati wa mbio hizo.

Kwa hiyo mwendo wake una mpangilio. Hutua sehemu ya kati au ya chini ya mti, hupanda kwa miguu huku akila, hufika juu, kisha hujitupa kutoka kileleni, hupiga mabawa mara chache na kuteleza hadi mti unaofuata. Ukiujua mpangilio huo utajua pa kuelekeza darubini. Akiwa chini ya mti, una muda. Akiwa karibu na kilele, jiandae, ataruka. Akiruka, usitafute juu ya mti anaoendea. Tafuta chini kidogo ya katikati, karibu na shina.

Na akivuka mmoja, usishushe mikono. Shorobo huvuka mmojammoja kwa kufuatana. Wa kwanza mara nyingi anakupita kwa mshtuko, na wa pili ndiye unayemwona vizuri.

Darubini na namna ya kuishika

Darubini ya 8x42 inafaa msituni kuliko ya 10x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukuzaji mdogo unakupa uwanja mpana wa kumpata ndege haraka, na mikono haitetemeshi picha sana. Lenzi ya 42 inaingiza mwanga wa kutosha kwenye giza la miti.

Iandae nyumbani. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la kati mpaka jicho la kushoto lione vizuri. Kisha funga la kushoto, zungusha pete ndogo iliyo kwenye jicho la kulia, bila kugusa tena gurudumu la kati. Baada ya hapo, gurudumu la kati pekee ndilo utakalotumia. Jizoeze kitu kimoja hadi kiwe desturi: macho yakishamshika ndege, usiyaondoe, inua darubini ije mbele ya macho. Wanaotazama chini kuitafuta darubini hupoteza ndege.

Kama huna darubini, nenda hivyohivyo. Kwenye mti wenye matunda, shorobo anaonekana kwa macho matupu, na wekundu wa bawa hauhitaji lenzi. Kwa wakazi wa Nairobi, Nature Kenya huandaa matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi kuanzia Makumbusho ya Taifa. Humo utapata watu wenye darubini na wenye macho yaliyozoea. Kitabu cha kubeba ni Birds of East Africa cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotoka mwaka 2002. Kina ramani za nchi zetu tano, Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi.

Wa kumchanganya naye

Kwenye mkuyu huohuo atakuwepo ninga, naye ni wa kijani. Ninga ni njiwa: mkia mfupi, kichwa cha mviringo bila kishungi, huning'inia kichwa chini akichuma tunda, na kundi zima hupaa kwa kishindo cha mabawa. Shorobo ana mkia mrefu, huinua kichwa mara kwa mara, na akila huchukua kuyu zima, hulirusha nyuma mdomoni na kulimeza. Ukiona kijani chenye mkia unaopanda na kushuka anapotafuta mizani, huyo ndiye.

Mtazame polepole

Ukimpata ametulia, pinga tamaa ya kupiga picha mara moja. Mpe dakika moja ya macho. Anza na pete nyekundu ya ngozi tupu kuzunguka jicho, halafu ule weupe ulio chini yake. Tazama kishungi: akishtuka husimama, akila hulala. Kisha shuka kwenye kijani cha kifua, ambacho hakimetimeti sana bali kina mguso wa mahameli.

Kijani hicho ni cha ajabu kuliko kinavyoonekana. Ndege wengi wa kijani hawana rangi ya kijani manyoyani mwao. Wana rangi ya manjano, na muundo wa unyoya unatawanya mwanga wa buluu. Macho yetu yanaunganisha viwili hivyo. Shorobo ana rangi ya kijani yenyewe, iitwayo turakoverdini. Wekundu wa bawa nao ni wa rangi inayoitwa turasini, ambayo mkemia Mwingereza Arthur Herbert Church aliieleza mwaka 1869. Alikuta ndani yake shaba, madini yaleyale ya nyaya za umeme, kiasi cha karibu asilimia 6 hadi 7. Shaba hiyo ndege anaipata kwenye chakula. Turasini huyeyuka katika maji yenye alikali, kama ya sabuni, na hapo ndipo ilipotoka hadithi kwamba shorobo hufifia akinyeshewa. Mvua ya kawaida haimwondolei kitu.

Rangi hiyo imempa heshima na hatari pia. Huko Eswatini manyoya mekundu ya jamaa yake ni pambo la ukoo wa kifalme. Kwingine hunaswa kwa ajili ya vizimba, ingawa biashara ya kimataifa ya shorobo wa jenasi ya Tauraco inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Ukiuziwa unyoya au ndege njiani, usinunue. Fedha yako ndiyo itakayolipia mtego unaofuata.

Mdai wake

Kiota cha shorobo ni vijiti vichache vilivyopangwa kwa wepesi, na kwa kawaida humo huwa na mayai mawili. Wazazi wote wawili huatamia. Makinda hutoka kiotani kabla ya kujua kuruka, yakitambaa matawini. Ukikuta kinda tawini, liache; halijapotea. Na ukigundua kiota, ondoka mapema, kwa sababu kukaa kwako karibu kunawaonyesha kima na mwewe pa kutazama.

Matunda anayoyala hupita tumboni haraka, na mbegu nyingi hutoka zikiwa nzima, mbali na mti mama. Sehemu ya msitu unaoutazama ilipandwa na ndege wa namna hii. Kinyume chake pia ni kweli: msitu ukikatwa, shorobo hana pa kwenda, kwa kuwa hawezi kuruka mashamba mapana kutafuta mwingine. Wakazi wa Nairobi wana mfano mkononi. Mwaka 1999 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupinga kugawanywa kwa msitu wa Karura. Msitu ulibaki, na shorobo wa Hartlaub wanaolia humo asubuhi wana deni kwake kama sisi.

Andika mti

Watazamaji wengi huandika jina la ndege, tarehe na saa. Ongeza safu moja kwenye daftari lako: mti, mahali ulipo, na hali ya matunda yake, machanga, yameiva au yamekwisha. Fanya hivyo kila uendapo, hata siku ambayo hukuona ndege yeyote. Baada ya mwaka utakuwa na orodha ya mikuyu ya msitu wako na zamu zake, na utaweza kumwambia mgeni aende mti upi, na awahi saa ngapi.